Imani ya Jumatatu: Nidhamu ya Kiroho Baada ya Majivu Kufutika

Jioni ya Jumatano ya Majivu, kituo chochote cha daladala kinakuonyesha nani alipitia kanisani. Alama ya kijivu iko kwenye paji la uso la karani, la muuza mitumba na la mwanafunzi mwenye begi mgongoni. Konda anawadai nauli wote kwa sauti ileile. Wakifika nyumbani wataoga, na Alhamisi asubuhi hakuna atakayewatambua kwa sura. Kuanzia hapo hadi Jumamosi Kuu, ukiziacha Jumapili zisizohesabiwa, Kwaresima inaendelea bila alama yoyote usoni. Kazi yenyewe ndiyo inaanza.

Makanisa yetu hayana upungufu wa matukio makubwa. Tuna mikesha ya Ijumaa, semina za neno la Mungu, makongamano ya vijana na mikutano ya uwanjani yenye spika zinazosikika mitaa mitatu. Kinachokosekana ni Jumatatu. Mtu aliyelia kwenye mkesha hadi alfajiri anaweza kufika Jumanne hasemezani na jirani yake, mizani ya dukani kwake imepinda vilevile, na Biblia iko juu ya kabati palepale alipoiweka. Hana unafiki mkubwa kuliko wengine. Hakufundishwa tu namna ya kuibeba imani katikati ya wiki.

Hoja ya makala haya ni moja. Nidhamu ya kiroho hushika ikiwa ndogo, ikiwa na saa yake, na ikiwa kuna mtu mwingine anayejua kama umeitimiza au umeikwepa. Historia ya Ukristo, na hasa ya Ukristo wa Afrika Mashariki, ina ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Ina pia ushahidi wa madhara yanayotokea nidhamu ikikosa mipaka.

Saa kwanza, hisia baadaye

Wakristo wa mwanzo hawakusubiri wajisikie kusali. Didake, mwongozo mfupi wa Kanisa la kale, unawaagiza waumini wasali Baba Yetu mara tatu kwa siku na wafunge Jumatano na Ijumaa. Mtindo wa saa maalumu ulitoka kwa Wayahudi. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 6, nabii anapiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu, na haachi hata baada ya mfalme kutia sahihi amri inayompeleka kwenye tundu la simba. Maadui zake hawakuhangaika kumtafuta. Walimkuta akifanya kile alichokifanya kila siku.

Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto wa Nursia, nchini Italia, aliandika kanuni iliyoigawa siku ya mtawa kati ya sala, kazi ya mikono na kusoma. Kanuni hiyo inaagiza kwamba kengele ya sala ikilia, mtawa aache papo hapo chochote alichokishika. Ilifika kusini mwa Tanzania na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Ndanda mwaka 1906. Walijenga shule, hospitali na karakana, na kazi zote hizo zilitii kengele. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, seremala aliyebakiza kipande kidogo cha ubao hapaswi kukimalizia kwanza. Anaweka randa chini, anapangusa vumbi la mbao mikononi, anakwenda kuimba zaburi, kisha anarudi kwenye ubao uleule. Kila siku anakumbushwa kwamba kazi si bwana wake.

Walei nao walipewa sehemu yao. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia asubuhi, adhuhuri na jioni, na wazee waliokulia misheni wanakumbuka jinsi mkulima alivyosimama katikati ya shamba, jembe likiegemea bega, akasali sala isiyozidi dakika tatu.

Wamoravian walioanza kazi Rungwe mwaka 1891 walitoka katika jadi yenye zoezi jepesi zaidi. Tangu mwaka 1731, jumuiya yao ya Herrnhut, Ujerumani, inachapisha kitabu chenye neno la Biblia kwa kila siku ya mwaka. Fungu la Agano la Kale hupatikana kwa kura, na la Agano Jipya huchaguliwa liendane nalo. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Waadventista wa Sabato wana Kesha la Asubuhi, na lesoni yao ya Shule ya Sabato imegawanywa siku kwa siku ili mtu asiisome yote Ijumaa usiku kama mwanafunzi anayekesha kabla ya mtihani.

Madhehebu haya yanatofautiana kwa mengi, lakini yanakubaliana katika hili: muumini asiachiwe mzigo wa kuamua kila asubuhi kama leo atasali, na akisali asome nini. Anayetoka Chanika saa 11 alfajiri ili awahi Kariakoo hana nguvu ya kubuni ibada. Ana dakika kumi, labda tano. Fungu likiwa limeshapangwa na saa ikiwa inajulikana, dakika tano zinatosha kusoma, kukaa kimya kidogo na kumkabidhi Mungu siku. Zisipopangwa, zinamalizwa na simu.

Jumamosi asubuhi, uani kwa mtu

Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi kutafakari Kanisa la miaka ya 1980 litakuwaje. Mwaka 1976 wakazifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Parokia zilikuwa pana, mapadre wachache, na ilionekana wazi kwamba imani isiposhikwa na majirani haitashikwa na mtu mwingine.

Ukitaka kuona nidhamu ya kiroho ilivyo kwa watu wa kawaida, nenda Jumamosi asubuhi nyumbani kwa mwanajumuiya ambaye zamu imemwangukia. Viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani. Stuli imefunikwa kitambaa cheupe, juu yake kuna msalaba na mshumaa unaopigana na upepo. Watoto bado wana usingizi, jogoo hajamaliza yake, na mama mwenye nyumba anasikiliza kwa sikio moja huku la pili liko kwenye birika la chai. Injili ya Jumapili inasomwa. Palipo na mbinu ya hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, hakuna anayemhubiria mwenzake. Kila mmoja anatamka neno au kifungu kilichomgusa, kinafuata kimya, kisha wanashirikishana.

Hatua ya sita ndiyo inayowatia watu kikohozi. Hapo wanaulizana neno hili linawatuma kufanya nini wiki hii, na nani atakwenda. Mzee wa nyumba ya kona amelazwa. Binti wa mpangaji ameacha shule. Wanandoa fulani hawaelewani. Kazi inagawiwa kwa majina, na Jumamosi inayofuata aliyetumwa anaulizwa amefikia wapi. Kukwepa kunakuwa kugumu unapoulizwa na mtu atakayekutana nawe bombani jioni.

Wanaohudhuria wanaijua vizuri kasoro ya siku hizi. Daftari la michango limeanza kuimeza hatua ya sita. Mhazini anasimama na orodha ya ujenzi, ya gari, ya sikukuu ya somo na ya mavuno, na dakika zilizobaki zinaisha. Wengine huja kwa sababu tu siku ya kubatiza mtoto au kufunga ndoa itatakiwa sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya. Kanisa haliendeshwi kwa hewa, na michango ina mahali pake. Lakini jumuiya inayojua kila mtu anadaiwa kiasi gani na haijui nani amelala na njaa imegeuka kuwa ofisi ya makusanyo. Hilo linazihusu pia ibada za nyumba kwa nyumba za Walutheri na vikundi vya maombi vya makanisa mengine.

Toba yenye miguu

Jumuiya zilipangwa na maaskofu. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwashtua maaskofu. Mwaka 1929 mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, walikaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Katika miaka ya 1930 moto ulitoka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Bukoba ulimpata Josiah Kibira, ambaye baadaye, mwaka 1977, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Watu wanakumbuka nyimbo na machozi ya walokole, yaani watu wa Uamsho. Kilichowashika kwa miaka mingi ni utaratibu wao wa ushirika: kukutana kila wiki, kusoma, na kutubu wazi mbele ya ndugu. Waliuita kutembea nuruni. Toba yao ilikuwa na miguu. Aliyechukua mali ya mwajiri aliirudisha mlangoni mwa mwenyewe. Aliyekuwa na deni la zamani alilitafuta akalilipa. Wamisionari Wazungu nao walisimama wakaungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo lisilotarajiwa katika enzi za ukoloni.

Njia hiyo ilikuwa na hatari zake. Ungamo la hadharani lingeweza kugeuka mashindano ya nani alikuwa mwovu zaidi, au fimbo ya kumchapia asiyeungama. Baadaye kundi fulani nchini Uganda lilijitenga likawakataza watu hata kukopa. Na Rwanda hiyohiyo iliyoitoa Gahini ndiyo iliyoshuhudia, mwaka 1994, watu wakiuawa ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama walikokimbilia. Nchi inaweza kujaa waumini wanaosali, na sala hizo zisimfikie jirani wa kabila lingine.

Kwa upande mwingine yupo Festo Kivengere, Mganda wa Uamsho aliyewahi kufundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe walivuka mpaka usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuyafumbia macho mauaji, aliendelea kuyasema. Alieleza kwamba chuki ilikuwa imeanza kumharibu yeye mwenyewe, ikambidi amsamehe dikteta.

Msamaha wa ukubwa huo hauzuki siku ya msiba. Ndugu wa Uamsho walizoea kutubu mambo madogo kila wiki: wivu, neno kali kwa mke, kinyongo na mfanyakazi mwenza. Bandu bandu huisha gogo. Aliyejifunza kuachilia kinyongo cha wiki alikuwa na pa kuanzia kilipokuja kile cha maisha.

Mfungo una mipaka

Katika Mathayo, sura ya 6, Yesu anafundisha sadaka, sala na kufunga kwa mfululizo, na kila kimoja anakiwekea onyo lilelile la kutokujionyesha. Mfungo peke yake hauendi mbali. Sheria ya Kanisa Katoliki inawadai wenye miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo kamili mmoja na kitu kidogo asubuhi na jioni, na inawataka wenye miaka 14 na zaidi wajinyime nyama. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Cha muhimu ni kile kilichookolewa kinakwenda wapi. Familia nyingi huweka kibubu mezani: pesa ya maandazi, ya soda au ya vocha inatumbukia humo, na Pasaka inapofika kibubu kinavunjwa kwa ajili ya mwenye shida. Nchini Kenya, baraza la maaskofu Wakatoliki huendesha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, waumini wakitafakari matatizo ya nchi wiki baada ya wiki na kutoa mchango.

Nabii Isaya, sura ya 58, ni mkali zaidi. Anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Leo angeingia nyumba nyingi za Mikocheni na Kilimani akauliza swali moja: dada wa kazi amelipwa? Mwajiri anayeshinda na njaa Ijumaa huku mshahara wa msichana wake umelala mwezi wa pili hajafunga. Amebadilisha tu saa ya kula.

Upo pia mfungo wa kudai: siku 21 za kutafuta mume, siku 40 za viza, siku 7 za kuangusha adui kazini. Kumwomba Mungu haja zetu ni halali na ni vizuri. Kumfungia Mungu hadi asalimu amri ni biashara nyingine. Mungu anageuzwa mdaiwa, na masikini aliyefunga bila kupata anaambiwa imani yake ni ndogo.

Ubaya ukifika mwisho wake unaitwa Shakahola. Aprili 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, Pwani ya Kenya, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri anayeshtakiwa kwa kuwahimiza wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Hawakufa kwa sababu tu walifunga sana. Walikufa pia kwa sababu walitengwa na ndugu, na shule, na hospitali, na yeyote ambaye angeweza kusema basi.

Kwa hiyo mipaka isemwe waziwazi madhabahuni. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa za kila siku, zikiwemo ARV, asifunge chakula bila ushauri wa daktari. Dawa haziachwi kwa ajili ya mfungo. Wapo wa kufunga simu, hasira, umbea na pombe. Na kiongozi anayekukataza kumuuliza mtu mwingine, muulize mtu mwingine leo.

Kupumzika na kujikagua

Zoezi la kupumzika linasahaulika kuliko yote, kwa kuwa linafanana na uvivu. Waadventista, waliofika Upare mwaka 1903, wanaweza kutufundisha. Ijumaa kwao ni siku ya maandalio. Chakula cha Sabato kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, watoto wanaogeshwa, na jua linapozama duka linafungwa hata kama mteja amesimama na pesa mkononi. Huhitaji kukubaliana nao kuhusu siku ili uone ugumu wa jambo hilo. Mwenye genge anayefunga siku moja kwa wiki anakiri kwa vitendo kwamba anayemlisha ni Mungu. Dereva wa bodaboda anayefanya kazi siku saba anajua faida yake, na mgongo wake unajua hasara.

Jioni kuna zoezi lingine. Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichapishwa mwaka 1548, aliwafundisha wafuasi wake kutafiti dhamiri kila siku. Shukuru kwa yaliyopita tangu asubuhi. Omba mwanga. Pitia saa kwa saa: nilimjibu nani vibaya, nilisema uongo gani kazini, ni nani nilimwona akihitaji msaada nikageuza uso? Omba msamaha, kisha panga kesho. Robo saa inatosha. Adui mkubwa wa zoezi hili ni kile kioo cha simu kinachowaka kando ya mto. Makundi ya WhatsApp ya maombi yamewasaidia wengi, hasa wagonjwa na walio mbali na makanisa yao. Lakini kusambaza fungu ambalo hujalisoma hadi mwisho, na kuandika Amina chini ya sala ambayo hukuisali, ni kelele tu zenye maneno matakatifu.

Pa kuanzia

Anayetaka kuyafanya yote haya kuanzia kesho ataacha yote kabla ya mwezi kuisha. Chukua moja. Mwenye watoto wadogo aanze na Baba Yetu ya pamoja kabla ya chakula cha usiku, televisheni ikiwa imezimwa. Anayesafiri na daladala asome fungu la siku kabla ya kufungua ujumbe wowote. Aliyeacha jumuiya arudi Jumamosi hii, na akikuta daftari la michango ndilo linaloongoza, aombe kwa upole hatua ya sita irudishwe. Weka saa. Kisha mwambie mtu mmoja anayeweza kukuuliza bila kukuogopa: mke, mume, mzee wa kanisa, rafiki wa kwaya. Ukianguka siku moja, endelea siku inayofuata bila kujilipiza mara mbili, maana hakuna deni la kusali.

Wachungaji na mapadre nao wana sehemu yao. Waumini wanahubiriwa wasali, ni wachache wanaoonyeshwa namna. Ibada moja kwa mwezi ingetosha kuwafundisha watu kukaa na fungu moja la Biblia, kutafiti dhamiri na kufunga kwa afya, kama wanavyofundishwa kwaya na mafundisho ya ndoa.

Na kama wakati unasoma haya kuna mtu unayejua unamdai radhi, au yeye anakudai fedha, usianze na mfungo wala mkesha. Anza na mtu huyo, wiki hii.